Mke wa Mgombea

Tulia alikuwa akimwomba Mungu mumewe ashindwe, wala hakuona haya. Tavita alikuwa amekwenda kugombea ubunge kwao, nchi ya visiwa vichache katika Pasifiki ambako hakuna hata chama kimoja cha siasa. Akishinda, atakaa huko miaka minne. Tulia, Mpare wa Same mwenye kazi nzuri ya maabara na nyumba ughaibuni, katika mji wa Champlin, hakuwa na nia ya kumfuata. Kisiwa chenyewe alikitembelea mara moja tu, akaumwa tumbo wiki nzima.

"Sasa kama hakuna party, watu wanamvotia kwa nini?" aliuliza Peris, jirani yake Mkenya, aliyepitia hapo na chapati baada ya kanisa.

"Wanamtazama mtu na familia yake. Wazee wanamwita ukumbini, wanamhoji. Leo wanataka kunihoji na mimi, kwa simu ya video."

Peris akapiga makofi. "Si basi hiyo ni rahisi! Waambie huendi. Mtu ameshindwa ku-convince bibi yake mwenyewe, nani atampea kura? Kwetu huyo ameisha. Next week yuko hapa ana-shovel snow."

Tulia alicheka, lakini yale maneno yalimwingia.

Huku ilikuwa Jumapili alasiri, kule Jumatatu imekucha. Wazee walikuwa wameketi kwenye mikeka, Tavita pembeni yao. Mmoja akauliza kwa Kiingereza cha taratibu: mumeo akichaguliwa, utakuja kuishi nasi?

"Hapana," alisema Tulia. "Maisha yangu yako hapa. Siji."

Alimwona Tavita akifumba macho, roho ikamuuma, lakini alikwisha sema.

Mzee hakukasirika hata kidogo. Alieleza kwamba mbunge anayeondoka alikuwa na mke ng'ambo, na kila bunge likiahirishwa alipanda ndege. Kisiwani walimwona kwenye misiba tu. Watu wa mguu mmoja ndani, mmoja nje, walikuwa wamewachosha. Kisha akamgeukia Tavita.

"Umemsikia mkeo. Haji. Utamfuata, au utabaki nasi?"

Hilo Tulia hakulitegemea, wala Peris, mtaalamu wa siasa, aliyekuwa amejibanza nyuma ya kompyuta na chapati mkononi.

Tavita aliitazama simu. "Nitabaki," alisema, na wazee wakapiga makofi.

Alishinda bila jasho. Jioni ya matokeo alimpigia Tulia, sauti imekauka kwa hotuba.

"Ungesema unakuja," alimwambia, "ningejitoa siku ileile na kurudi nyumbani. Nilitaka tu kusikia kwamba ungekuja."

Huenda ni kweli, huenda tayari alikuwa ameanza kusema kama mbunge. Tulia alimpa hongera, akakata simu, akalia kwa sauti.