Nani Alimlisha Askari?

Mama Sofa alikuwa amefura. Si kwamba siku nyingine alikuwa mpole, la, mdomo wake ulijulikana karakana nzima. Lakini asubuhi ile aliingia na paka mikononi, na mafundi walipouona uso wake tu wakaweka nyundo chini. Paka mwenyewe aliitwa Askari; alilala nyumbani kwa Mama Sofa na kushinda karakanani. Kazi yake ilikuwa kuwalinda na panya wanaotoboa sponji za masofa ya watu, na sasa alikuwa amelegea, kichwa kinaning'inia.

"Nani kampa nini huyu?"

Mume wake, ambaye ndiye fundi mkuu, akajifanya anapima ubao aliokwisha kuupima. Mdogo wake mume, ambaye wote walimwita Msumari, akainama kutafuta misumari sakafuni, na misumari yenyewe alikuwa ameibana mdomoni.

"Mwangalieni! Fizi nyeupe pe! Mkojo kama chai ya rangi! Askari akifa, masofa haya yatalindwa na nani? Au mmemsahau yule bibi harusi aliyekalia kiota cha panya na gauni lake jeupe?"

Hakuna aliyemsahau. Msumari akatema misumari mkononi.

"Shemeji, sisi tunampa mabaki tu. Chipsi kidogo."

"Chipsi na nini?"

"Na ile sosi ya nyanya. Anaipenda huyo! Anailamba mpaka anafumba macho."

"Na mayonezi," mume akaongeza kwa sauti ndogo. "Ile yenye kitunguu saumu. Kidole kimoja tu, mke wangu. Paka anakula panya mzima na manyoya yake, leo ashindwe na mayonezi?"

Lo! Hapo ndipo walipokiona cha moto. "Wanaume wazima na ndevu zenu, mnapanga foleni kumlambisha paka vidole! Hamna haya? Mnamfanya kiumbe wa watu jalala la chupa zenu za sosi! Mimi nyumbani simpikii kama paka, nampikia kama mtu, halafu nyie huku mnamharibu!" Akamgeukia mumewe. "Na wewe usinisemeshe. Chukua boksi, twende kwa daktari."

Wakaenda wote watatu. Njia nzima alikuwa anasema, na waliopishana nao walidhani wale wanaume wawili wameiba kitu.

Daktari wa mifugo, mtu wa maneno machache, akamfunua Askari mdomo, akatazama fizi, akamtoa damu kidogo na kuingia nayo chumba cha ndani. Aliporudi akauliza paka anakula nini. Mama Sofa akawahi kujibu, akawashtaki wale wawili kuanzia chipsi mpaka kidole cha mwisho.

"Sosi si chakula cha paka," daktari akasema. "Chumvi yake nyingi, na sosi nyingi zimetiwa unga wa vitunguu. Kitunguu maji, kitunguu saumu, kibichi, kilichopikwa, cha unga, vyote vinavunja damu ya paka. Hata kidogo kidogo, kikirudiwa kila siku."

"Mmesikia?" Mama Sofa akawageukia. "Wauaji!"

"Ila mama," daktari akaendelea, "damu iliyoharibika hivi, kidole cha mayonezi peke yake hakitoshi. Kuna kingine anachokula, na ni kingi. Nyumbani unampa nini?"

"Nyumbani? Nyumbani anakula vizuri kuliko huyu mume wangu! Supu ya vichwa vya samaki, kila siku, kwenye sufuria yake mwenyewe."

"Kwenye supu unatia nini?"

"Chumvi ya kuonja tu. Na vitunguu, lazima, bila vitunguu samaki ananuka shombo. Na kitunguu saumu namtwangia kingi, maana nasikia kinatoa minyoo..."

Akavitazama vidole vyake.

Akasubiri wamcheke. Mume alitazama ukuta, Msumari alitazama viatu vyake. Ikamuuma zaidi.

"Mbona hamsemi? Nimewatukana tangu asubuhi, si mseme na nyie!"

"Tuseme nini, shemeji," Msumari akajibu taratibu. "Wote tulimpenda."

Daktari akasema atabaki naye, atamtundikia maji, na huenda akahitaji damu ya paka mwingine. Kwamba atapona, hakuahidi. Mama Sofa akainama juu ya meza amuage. Askari akaitambua sauti yake, akafumbua macho, akavuta shingo mpaka kwenye vidole vyake vilivyotwanga kitunguu saumu asubuhi ile ile, akaanza kuvilamba.

Mama Sofa akaunyakua mkono wake. Akaenda kwenye sinki ya daktari, akanawa kwa sabuni, akanusa, akanawa tena. Bado vilinuka.