Barua Iliyokatwa Pembe

Sukhdei alikuwa akipepeta dengu barazani pale sauti ilipoita kutoka nje ya ua.

"Mama Gulabi."

Ungo ukasimama mikononi mwake. Jua lilikuwa utosini, upepo wa moto wa mwezi wa Jeth ukisukuma vumbi njiani, na kijiji kizima cha Semra kimejifungia ndani. Saa kama ile watu hawatembei. Wanaotembea ni wengine.

"Mama Gulabi, nifungulie."

Aliijua sauti ile kama anavyoijua njia ya kisimani. Ilikuwa ya mumewe, Ramphal, askari wa Waingereza aliyekwenda vita vya Kabul, na ambaye wao wenyewe walikwisha kumfanyia mazishi.

Barua ndiyo iliyomwua. Ilifika haradali ikichanua mashambani, ina muhuri wa kikosi, na pembe yake moja imekatwa. Kwao barua ya msiba hukatwa pembe ili anayeipokea ajue kabla ya kusoma, na haiingizwi ndani ya nyumba. Baba mkwe wake, mzee Jagesar, aliishika mlangoni, akaiona ile pembe, akaichana vipande vipande bila hata kumngoja msomaji wa kijiji arudi kutoka sokoni. Maiti haikuwapo, kwa hiyo walifunga mtu wa majani, wakamvika kilemba cha Ramphal, wakamchoma kando ya mto. Sukhdei akavunja bangili zake, akanyolewa nywele, akavaa nyeupe. Tangu hapo kila mwezi alimwekea marehemu tonge la wali juu ya ukuta, kunguru wale kwa niaba yake, nao hawakuligusa hata mara moja. Watu walisema marehemu hajaridhika. Tonge la mwezi huu lilikuwa pale ukutani tangu asubuhi, limekauka.

Kichwa cha Batasiya, jirani yake, kikachomoza juu ya ukuta.

"Usimwitikie, mwenzangu. Kunguru si walishasema? Kaja kudai."

"Sijafungua mdomo."

"Basi ufunge zaidi."

"Batasiya," sauti ya nje ikasema, "naona ulimi haujapungua. Yule mbuzi wangu uliyemfungia kwako bado yupo?"

"Haya, siku hizi hata mizimu ina kesi za mbuzi," Batasiya akasema, lakini kichwa kikateremka.

Sukhdei alimtaja Mungu kimoyomoyo, akaenda mpaka langoni, akachungulia kati ya mianzi. Mtu aliyesimama pale alikuwa mkavu kama kuni, ameegemea fimbo. Wafu hawana kivuli; akatafuta chake chini, hakukiona. Akatafuta miguu, kwa maana ya wafu hutazama nyuma. Ilikuwa imeviringishwa matambara.

"Fungua hayo matambara."

Yule mtu akaketi, akayafungua polepole. Miguu haikuwa na vidole. Ilikuwa butu mbele, butu nyuma, na Sukhdei hakuweza kusema inatazama wapi.

"Ni theluji iliyovila," akasema. "Kwani hamkupata barua? Nililala hospitali ya jeshi, Firozpur, nikamwomba kapteni awaandikie kwamba mimi ni mzima."

"Ilikuja. Ilikuwa imekatwa pembe."

Yule mtu akaanza kuyaviringisha tena matambara.

"Kapteni alikuwa akiandika huku anavuta sigara," akasema mwishowe. "Ikamzimikia. Nilisikia karatasi ikichanika, nikadhani amekosea mstari. Kumbe alitaka cha kuwashia."

Sukhdei hakulia. Mzimu nao unaweza kutunga maneno.

"Kaa hapo hapo."

"Mpaka lini?"

"Mpaka jua lisogee."

Wakakaa, lango katikati yao. Alimwona akikitazama kichwa chake kilichonyolewa, kisha akiyageuza macho. Wala hakuomba tena kufunguliwa. Hatimaye ubavuni pake pakatokea mstari mwembamba wa kivuli, kama uliochorwa kwa mkaa, ukaanza kunenepa.

Mzee Jagesar alikuwa amekwisha kutoka, amesimama nyuma ya mkwewe. Aliuona naye.

"Baba," Ramphal akasema.

Mzee akaitazama mikono yake. "Mwanangu nilimtia moto kwa mikono hii. Hapa huingii mpaka kuhani akuzalishe upya, upewe jina kama mtoto, umwoe huyu kama mtu asiyekujua."

"Nitazaliwa, baba. Lakini nina kiu."

Mzee akamgeukia mkwewe. "Mpe maji," akasema, akarudi ndani haraka.

Sukhdei alileta chombo, akafungua lango kidogo, akamimina kutoka juu bila kumgusa. Yule mtu akakinga viganja, akainama, akanywa. Alisikia koo likimeza, sauti ile ile ya zamani, ya mtu anayetoka shambani.

Kunguru akatua ukutani. Akalitazama tonge, akalitikisa, akala lote mpaka punje ya mwisho, kisha akaruka kuelekea mtoni.

Sukhdei akaacha kumimina. Akakitafuta kivuli pale chini. Bado kilikuwapo.

"Yameisha?" Ramphal akauliza, viganja vingali vimekingwa.

"Hayajaisha," akasema, akaendelea kumimina.