Visanduku Vilivyotupwa

Mwanamke mgeni aliingia ofisini bila kungoja kukaribishwa, viatu vya tope mkononi.

"Wewe ndiye msichana anayeona chini ya ardhi?"

Stefania aliinuka kitini. "Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mimi ni Ghati. Mume wangu, Mogesi, alifukiwa duarani, ndani ya shimo lake la dhahabu, mwezi wa tatu. Kilima kiliporomoka, maduara yote yakawa tope moja. Mwezi wa tano mlipita pale na mashine yenu. Jumamosi greda linakuja kusawazisha kilima. Nionyeshe lilipo duara lake, nimtoe nimzike."

Mradi ule wa kijijini Nyangoto ulitafuta mashimo yaliyofichika ardhini, na Stefania, mwaka mmoja tu tangu ahitimu chuo, ndiye aliyeandika programu ya kuhifadhi vipimo. Aliigawa ardhi katika visanduku vidogo, kwa urefu, upana na kina, mamilioni kwa mamilioni. Vingi vilikuwa udongo mtupu. Kwa hiyo programu ilihifadhi vile tu vilivyorudisha ishara kwenye mashine, pamoja na mahali pa kila kimoja, kisha ikazigawia kompyuta nane zifanye kazi kwa pamoja. Kazi ya siku tano ikaisha kwa saa moja. Daktari Elibariki, mkuu wa mradi, alimpigia makofi mbele ya wageni.

"Nitatafuta, mama. Nitakachokiona nitakuja kukuambia, kabla greda halijaanza."

"Wasomi huwa mnatuma karatasi."

"Nitakuja mwenyewe."

Alitafuta siku mbili. Kwenye kilima kile hapakuwa na kisanduku hata kimoja. Ndipo alipoisoma upya programu yake, akafika kwenye agizo aliloliandika kwa mkono wake: ishara dhaifu ihesabiwe kuwa si kitu. Na udongo uliolowa mvua hudhoofisha kila ishara. Programu ilikuwa imetupa kilima kizima bila kuacha hata alama ya kuonyesha kwamba imetupa. Pasipo na kitu na palipotupwa kitu pakawa sawasawa. Vipimo vya mwanzo alikwisha kuvifuta, ili diski ipate nafasi ya vipimo vya kijiji kingine, Busawe. Mashine nayo ilikwisha kurudishwa Dar es Salaam.

"Mwambie hakuna kitu," alisema Daktari Elibariki. "Ndivyo ramani inavyoonyesha."

"Ramani haijui, daktari. Mimi ndiye niliyeifumba macho."

"Binti, ukiyasema hayo kule, ripoti yote imekufa. Basi usirudi hapa."

Jumamosi asubuhi Stefania alimkuta Ghati kilimani, ameketi juu ya dumu, koleo magotini. Anold, shemeji wa Ghati, alisimama kando. Greda lilikuwa tayari linanguruma.

"Kumbe umekuja!" Ghati akainuka upesi. "Haya, wapi?"

"Sijui, mama. Vipimo vya hapa vilikuwepo. Nilivitupa mimi, nikidhani ni udongo mtupu."

"Kwa hiyo yupo, au hayupo?"

"Siwezi kujua tena. Hakuna anayeweza."

Anold akacheka kwa uchungu. "Chuo gani hicho kinachofundisha kutupa watu?"

Ghati akaliweka koleo chini, taratibu, kama mtu anayelaza mtoto.

"Wenzako wangesema hakuna kitu," alisema. "Kaa hapa. Usiniache nitazame peke yangu."

Stefania akaketi kwenye tope. Greda likaanzia upande wa juu.