Jina Lisilo na Marejeo

Nchi ya Nukulia imelala kati ya milima miwili yenye upara, na mji wake mkuu, Rejeani, umejengwa kwa mawe ambayo kila moja limechongwa jina la fundi aliyeliweka, jina la fundi aliyemfundisha fundi huyo, na jina la mtu anayesemekana kumfundisha mwalimu wake, hata kuta za mji zikawa na majina mengi kuliko watu wanaoishi ndani yake. Huko hakuna anayefungua kinywa bila kutaja neno lake kalitoa kwa nani. Muuza maboga hawezi kunadi kwamba maboga yake ni matamu mpaka amtaje aliyeyaonja kabla yake. Mgonjwa akilalamika kwamba tumbo linamsokota, mganga humwuliza kwanza ni nani mwingine aliyewahi kusema kwamba tumbo husokota. Wapenzi wa Nukulia ndio wenye kazi hasa, kwa sababu neno "nakupenda" limeshasemwa na watu wengi mno, na kuwataja wote ni kuchelewa harusi.

Kitu kisicho na chanzo, iwe mbuzi, kisima au wazo, ni mali ya Mtajwa. Huyo ndiye mtawala, pande la mtu lenye shingo iliyopotelea mabegani, aliyepewa kiti kwa kuwa alitajwa sana, na akatajwa sana kwa kuwa amekalia kiti. Kila anapotajwa mahali, pishi la nafaka hupelekwa ghalani kwake. Chini yake yapo mabaraza matatu yanayochukiana kama wake wenza. Watu wa Baraza la Mabano hutaja chanzo papo hapo katikati ya maneno, viganja vikiwa vimeukumbatia mdomo huku na huku. Watu wa Baraza la Tanbihi humaliza kwanza la kusema, kisha huinama na kukinong'oneza chanzo kwenye vidole vya miguu. Wa Baraza la Nambari hutamka tarakimu tu, na ukitaka kujua maana yake unangoja hadi mlangoni unapotoka. Yote matatu hupata fungu katika kila kinachotaifishwa, kwa hiyo hayana haraka ya kumwona mwananchi akipatia.

Katika mji huo aliishi Nambeya, msusi wa mikeka, na mumewe Chandeu, mtu mpole aliyekuwa akiogopa hata kukohoa bila marejeo. Walipojaliwa binti, Nambeya alimtazama yule mtoto akipiga chafya yake ya kwanza, na jina likamjia: Lulemba. Hakuwahi kulisikia kokote. Hakuna bibi aliyeitwa hivyo, wala mto, wala nyota. Lilikuja tu, likamkaa mtoto vizuri, na Nambeya akafurahi mpaka akalia.

"Umelitoa wapi?" Chandeu aliuliza, uso umemsawajika.

"Sijalitoa popote. Limekuja."

"Mke wangu, usinitanie. Limekuja kutoka kwa nani?"

Hofu yake ilikuwa na sababu. Katika Nukulia, mtoto ambaye jina lake halijathibitishiwa chanzo mpaka anaota meno huchukuliwa na gari la Ikulu, akafunzwe kunakili maneno ya Mtajwa maisha yake yote, na mama yake asimwone tena. Majirani, kwa kuwa hawakuruhusiwa kumwita Nambeya kwa jina la mwanawe, walimwita Mama Bado.

Nambeya akambeba mtoto mgongoni, akaanza kupigwa danadana. Katika Baraza la Mabano aliweka viganja mdomoni vizuri kabisa, ila aliviondoa kabla ya kutaja mwaka. Aliporudi na mwaka, akaambiwa mwaka sasa hutangulia jina. Huo utaratibu wake ulikuwa toleo la zamani, na toleo jipya lilitoka wakati yeye akipanda ngazi. Katika Baraza la Tanbihi alikwisha kuzoea viganja, basi akaviweka mdomoni, na wazee wakageuza nyuso kama waliomwona mtu uchi. Akainama. Wakasema ameinama kabla sentensi haijaisha. Akainama tena, mtoto akaanza kulia, na karani akauliza kilio hicho kimenukuliwa kutoka kwa nani. Huko Nambari alipewa tarakimu, akaitunza kichwani njia nzima akiirudiarudia, kumbe ilishapewa mtu mwingine anayedai umiliki wa ukungu wa asubuhi.

Kichwa kikamvurugika. Nyumbani Chandeu alimkuta akiinamia sufuria na kuinong'oneza. Akiombwa chumvi na jirani, anajibu tarakimu. Alianza hata kushuku kwamba jina lile kweli alilisikia mahali, labda ndotoni, labda tumboni mwa mama yake, na akalala akiwataja marehemu wa ukoo mmoja mmoja, pengine mmojawapo angekubali kulibeba. Chandeu alimsihi amwite mtoto jina la shangazi, lenye marejeo safi.

"Huyo siyo shangazi," Nambeya alisema. "Mtazame. Huyo ni Lulemba."

Jino likachomoza. Gari la Ikulu likasimama mlangoni, na akashuka Bwana Kinukuzi, mkaguzi wa vyanzo, mtu mwembamba mwenye adabu nyingi na huruma kidogo.

"Mama, nauliza mara ya mwisho. Jina hili, kwa mujibu wa nani?"

Nambeya alimkumbatia mwanawe. Alitaka kusema "kwa mujibu wangu" lakini alijua halikubaliki. Akaweka viganja mdomoni, akakumbuka kuinama, akainama, akataja tarakimu iliyomjia, na katikati ya patashika hiyo, bila kujua anasema nini, likamtoka:

"Kasema Mtajwa!"

"Kasema nini?"

"Kasema... mtoto aitwe Lulemba. Akae na mama yake."

Bwana Kinukuzi akaduwaa. Tangu aanze kazi hajawahi kusikia chanzo kizito kama hicho kwenye kibanda cha mikeka. Kukithibitisha kungemlazimu aende kumwuliza Mtajwa kama kweli alisema, na hakuna aliyewahi kumwuliza Mtajwa swali hilo. Angeulizwaje, naye ndiye asili ya kila neno? Akajikuna kisogo, akachukua pishi moja la nafaka kwa ajili ya ghala, akaondoka na gari tupu. Nambeya alikaa chini pale pale mlangoni akacheka na kulia, naye Chandeu akalitamka jina la bintiye kwa sauti kwa mara ya kwanza.

Habari haikukaa. Mwenye kisima kilichotaifishwa alisema Mtajwa kasema arudishiwe. Wakulima wakasema Mtajwa kasema mwaka huu asilimiwe shamba lake. Walinzi wa ghala waliletewa maneno ya Mtajwa kwamba milango ifunguliwe, yakiwa yametajwa kwa viganja, kwa kuinama na kwa tarakimu, bila kosa hata moja, wakafungua. Mwanzoni Mtajwa alifurahi jinsi anavyotajwa. Baadaye alitazama ghala likizidi kupwaya, akatoka kwenye kibaraza cha Ikulu mbele ya umati uliokusanyika, akitweta.

"Sikusema!" alinguruma.

Bwana Kinukuzi, kwa mazoea tu ya kazi, akauliza, "Kwa mujibu wa nani, Mtukufu?"

"Kwa mujibu wangu mimi!"

Wazee wa mabaraza wakatazamana. Mtu kujitaja mwenyewe, Mabano waliruhusu mara moja moja. Tanbihi waliona ni utovu wa adabu. Nambari walitaka kujua ni tarakimu ipi. Wakaanza kugombana hapo hapo. Mtajwa, ambaye tangu azaliwe hajawahi kumtaja mtu, aliweka viganja mdomoni visivyo, akajaribu kuinama, kitambi kikamkatalia. Uso wake ukawa wa mtu aliyepotea ndani ya nyumba yake mwenyewe. Akaagiza aletwe mtu wa kwanza aliyeyasikia maneno hayo, na umati ukamsukuma mbele Nambeya, Lulemba akiwa begani.

"Mama," Mtajwa alisema kwa sauti ya chini, "hebu niambie taratibu. Mimi nilisema?"

Nambeya aliogopa kweli. Hadithi hiyo alikwisha kuisimulia mara nyingi mno, mpaka alipofumba macho aliisikia sauti nzito ikisema mtoto akae na mama yake, na hakuweza tena kuapa kwamba sauti ile haikuwa hii.

"Ulisema, Mtukufu."

"Nani kakwambia?"

"Wewe."

Bwana Kinukuzi akatikisa kichwa kukubali; chanzo kilikuwa kamili. Mtajwa alimtazama mkaguzi huyo, akawatazama wazee waliokuwa bado wanavutana kanzu, kisha akauketia ukingo wa kibaraza kama mtu aliyeamshwa usingizini.

"Basi kama nilisema," akauliza, "na mengine niliyosema ni yapi? Maana mimi siyajui."

Nambeya alimshika bintiye vizuri akarudi nyuma, asijue kama amwonee huruma au akimbie. Umati ukasogea mbele, na kila mmoja alikuwa na la kumwambia.