Shingo ya Kunegunda

Tangu biashara ndogo ziruhusiwe popote, vibanda vya mitumba vilikuwa vimeota hadi ukingoni mwa barabara, na njia ya miguu ya kutoka Mshangano kwenda sokoni ikabaki mitaro na mawe. Kunegunda aliipita kila asubuhi na ndoo ya togwa kichwani.

Siku hiyo alifuatana na Calvin, bwana aliyetumwa kukagua njia za waenda kwa miguu. Calvin alimwona akivuka mtaro wa kwanza bila kumwaga hata tone, akaandika kwenye fomu: nzuri.

“Umeandika nini, mwanangu?”

“Njia nzuri, mama. Mbona togwa haimwagiki?”

Kunegunda alisimama. Miaka ishirini ateseke yeye, halafu sifa ipewe njia.

“Hapo umepima shingo yangu,” alisema. Akatua ndoo, akamwekea Calvin ngata kichwani, akamtwika. Togwa ya siku hiyo alikwisha kuisamehe. “Haya, sasa pima njia.”

Kwenye mtaro wa pili togwa ilimwingia Calvin shingoni. Kwenye mawe ikamfika mkandani. Akaomba atuliwe, akafuta neno lake, akaandika: mbaya sana.

“Basi, mama, tumemaliza.”

“Mimi huwa siishii hapa,” alisema Kunegunda, akamtwika tena.