Kitone Kilichovuka Sabaki

Mtu akitaka kukutesa kwa upole, hukufunza jambo lenye manufaa. Amal binti Abdurahman, bi harusi wa mtaa wa Shella, Malindi, alimfunza dada yake kutumia simu.

Yeye na dada huyo, Kahonzi, walikuwa baba mmoja, mama mbali. Alilelewa Junju kwa kina mamake, wakulima wa mihogo, na miaka yote hakuna aliyemkumbuka. Sasa Mzee Abdurahman alikuwa kitandani, miguu imekufa, akili timamu, na alitaka jambo moja tu: siku ya ndoa ya Amal, Kahonzi aingie nyumba ile mbele za watu, naye ampe radhi yake kabla hajafa.

"Mwite dadako," alimwambia Amal. "Akija, mlete hapa kitandani kwangu."

Amal akaitika inshallah, baba. Moyoni aliungua. Wakwe zake, kina Faris bwana harusi, watu wa majumba na mali, wamwone dada wa bi harusi ananuka moshi wa kuni? Basi akapiga simu Junju kwa sauti ya asali.

"Dadangu, usihangaike kuuliza watu njiani, zama hizo zimepita. Nitakutumia mahali petu kwenye ramani ya simu. Ukifika Malindi, ita tuktuk kwa simu hiyo hiyo, dereva ataona mwenyewe pa kukupeleka. Nawe niwashie kwenye ramani pale ulipo, nikuone unavyokuja. Nitakupokea mwenyewe mlangoni."

"Mungu akuweke, mdogo wangu," alisema Kahonzi. "Nami nilikuwa naogopa kupotea."

Siku yenyewe nyumba ilifurika wanawake na udi. Amal aliketi na mashoga zake chumbani, simu iko juu ya mto katikati yao, wote wameiinamia. Kitone cha buluu, ndiye Kahonzi kwenye ramani, kilitoka Junju, kikapita Kilifi, kikaingia Malindi. Kikaipita njia ya kwao, karibu hivi, kikashika ya kaskazini.

"Huyoo! Avuka daraja la Sabaki!" Nana, shoga yake mkubwa, akapiga kigelegele.

Kitone kikapita Mambrui, kikafika mashamba ya chumvi ya Gongoni, mahali Amal alipopachagua kwa kidole chake mwenyewe. Hapo kikazunguka, kikasimama, kikazunguka tena. Jua la mchana, chumvi tupu, hakuna hata kivuli cha mti. Walicheka mpaka wanja ukawatiririka. Simu ikalia, jina la Kahonzi likatokea. Amal hakuipokea. Aliilaza kifudifudi akaenda kuvishwa.

Kwa hiyo hakukiona kitone kilipogeuka. Kahonzi aliifunga ile ramani, akamwendea mchota chumvi na kumuuliza kwa Mzee Abdurahman wa Shella ni wapi. Kuuliza si ujinga, na mzee yule alijulikana pwani nzima.

Alasiri wanaume walikwishajaa msikitini. Mzee hangeweza kwenda, kwa hivyo ilipangwa ampe ndugu yake Zayd uwakili kwa simu, shekhe akisikia, ndoa ifungwe; bila neno lake hapakuwa na ndoa. Amal akaingia chumbani kwa babake na simu yake, dhahabu zikilia mikononi.

"Kahonzi yu wapi?" mzee aliuliza.

"Amekataa kuja, baba. Asema yeye hana baba Malindi."

Je, Amal aliona uchungu? Hata chembe. Alikuwa akiwaza saa zinavyokwenda.

"Nishikie simu hiyo nimtumie sauti," mzee alisema. Amal akabonyeza, akamshikia mdomoni. "Kahonzi. Ni mimi Abdurahman, babako. Nimekuita, umenikana mbele za watu. Sina radhi nawe. Duniani wala akhera, sina radhi nawe."

Amal akaituma haraka, asije akabadili nia.

Punde si punde, nje barazani, chini ya dirisha lile lile, sauti ikasema: "Kahonzi. Ni mimi Abdurahman, babako."

Mzee alijisikiliza mpaka neno la mwisho. Kisha akasikia mwanamke akilia, kilio cha mtu anayejiziba mdomo.

"Nani huyo? Fungua dirisha, Amal!"

Akafungua. Barazani, mahali Kahonzi alipoketi kwa adabu akingoja kupokewa na mdogo wake kama alivyoahidiwa, palibaki kapu la mihogo lililofunikwa leso mpya ya harusi. Mwenyewe alikuwa amekwishashika njia, miguu myeupe kwa chumvi, anakwenda upesi upesi.

"Mwite!" mzee alisema. "Mwite, mwanangu, mimi sauti yangu haifiki!"

Lakini mama mkwe alikuwa ndiyo kwanza ashuka garini pale mlangoni. Amal akamwona, akafunga dirisha taratibu.

Simu ikalia mkononi mwake. Zayd. "Kaka, tuko tayari, na shekhe asikia. Wanipa uwakili nimuoze Amal?"

Amal akaipeleka simu mdomoni mwa babake kwa mkono wa hina. "Baba, nakuomba."

Mzee alimtazama. Kisha akageuza uso ukutani.

"Kaka?" Zayd aliita. "Wanisikia? Watu wangoja."