Nani Anafagia Eneo Langu?

Watu wa Ipogolo tukiamua kukuhurumia, utatukimbia. Nusrat hakuwa na pa kukimbilia, akaamua kunyamaza.

Mama yake alikuwa akinunua nyanya Ilula na kuja kuziuza mjini. Siku ya ajali walikuwa pamoja kwenye gari lililogongwa na lori. Mama akafariki, mtoto akatolewa mzima. Arobaini ilipopita, mama yake mdogo, Mwanakhamisi, akamrudisha shuleni, darasa la tano, ninalofundisha mimi. Shule yetu iko kando ya barabara kuu na malori hupita kutwa. Kila lori lilipopuliza breki, Nusrat aliganda, macho wazi, mikono imeng'ang'ania dawati.

Mwalimu Mkuu wetu, Obeid, ana huruma, ila huruma yake haijui kunyamaza. Alimsimamisha Nusrat mbele ya mstari wa asubuhi, akaagiza shule nzima iseme, "Pole, Nusrat." Ikasema. Kisha akamwondolea kazi zote: hafagii, hachoti maji, haulizwi swali darasani. Wenzake wakifagia, yeye alikaa kwenye ngazi za ofisi, na kila aliyepita alimpa pole. Walimu, pole. Mama wa uji, pole. Hata mzee wa kuleta kuni, ambaye salamu zenyewe huzitoa kwa shida, naye pole. Kwetu hiyo ni adabu, na ukimpita mfiwa kimya utasemwa wewe. Lakini msiba wa watu huwa unaanuliwa, na wa Nusrat tuliutandika upya kila asubuhi. Lori likipuliza breki ndiyo kabisa, darasa zima lilimzingira na kumpepea kwa madaftari.

Akaacha kunywa uji. Akaacha kusema.

Jumatatu moja Mwanakhamisi akaja. "Mwalimu Faustina, mimi nimeshindwa. Nampeleka Ubaruku kwa babu yake, mkulima wa mpunga. Shule kule iko mbali, sijui hata kama atasoma, lakini hapa mtoto ananiishia hivi hivi."

"Nipe mpaka Ijumaa, mama," nikasema. Mpango sikuwa nao, nilikuwa na hasira tu. Mtoto aliyekuwa akiwaburuza wenzake kwenye hesabu, leo aende kufukuza ndege kwenye mpunga!

Kesho yake asubuhi nikaenda kukaa naye kwenye ngazi. Pole sikumpa. Tulikaa tu, mpaka nikaona vijiti vimechomoza kwenye mkoba wake.

"Nini hicho?"

"Fagio, mwalimu."

Kila mtoto wetu huja na fagio lake na ana eneo lake la kufagia. Huyu alikuwa amesamehewa, na bado alikuja nalo kila siku na kurudi nalo nyumbani.

"Eneo langu nani anafagia?" akauliza taratibu.

"Vitus."

"Vitus hafagii. Anatimua vumbi."

Nilitamani kumkumbatia. Badala yake nikamwambia, "Basi nenda kamwonyeshe."

Nikaingia ofisini bila kubisha hodi. "Mwalimu Mkuu, tumemfanya huyu mtoto msiba wa kudumu."

Obeid akaumia, nikamwona. "Kwani wewe Faustina huna huruma?"

"Ninayo. Ndiyo maana nakuomba tunyamaze."

Akavua miwani, akakubali. Tukawaambia watoto: pole sasa zimetosha, na madaftari si feni. Naima, anayekaa dawati moja na Nusrat, akanyoosha mkono. "Na akiganda, mwalimu?"

"Wewe endelea kufagia. Ila fagia karibu naye."

Jumatano lori likapuliza breki wakiwa kwenye usafi. Nusrat akaganda, fagio juu. Naima akafagia polepole kumzunguka, hakumgusa, hakusema neno, mpaka fagio la Nusrat likashuka chini lenyewe. Nililia pale pale nje na sikuficha. Alhamisi akaganda tena, na safari hii ilichukua muda mrefu zaidi. Naima hakuchoka.

Ijumaa Mwanakhamisi akafika na begi la nguo za mtoto. Nilimpokea getini. Viranja walikuwa wanakagua usafi, na sauti ya Vitus, mmoja wao, ikatufikia.

"Nusrat, hapa hujafagia wewe!"

"Nimefagia! Majani yameanguka sasa hivi, huna macho? Hebu toka kwenye eneo langu!"

Mwanakhamisi akaweka begi chini. "Huyo nani?" akaniuliza, na alijua.

Obeid akatoka ofisini mbio, mkono mbele, na neno lile lile limemjaa mdomoni. Nikamkazia macho. Akalimeza.

"Niende nikawaamue?" akauliza.

Mwanakhamisi alikuwa anacheka na machozi yanamtoka. "Usiende, Mwalimu Mkuu," akasema. "Mwacheni agombane. Mwacheni mwanangu agombane."